Anza na Mpiga Kinanda

Mpendwa Elias,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa kwaya nzima. Barua yako nimeipata, na nimerudia kuisoma pale uliposema kwamba ile santuri ya jazi iitwayo Emergency! niliyokutumia uliizima kabla haijafika nusu, kwa kuwa ulichosikia ni watu watatu wanaogombea nafasi moja, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake kwa kelele. Sitakubishia katika lile ambalo masikio yako yamelisikia sawasawa. Sauti ya santuri hiyo ni mbovu kweli. Ilirekodiwa New York mwishoni mwa Mei 1969, na tangu ilipotoka hata wanaoipenda hulalamika kwamba ala zinakwaruza na kupasuka kila zinapopanda. Ninachokubishia ni mahali ulipoanzia. Naona ulilifuata gitaa, kwa sababu gitaa ndilo linalopiga kelele zaidi, ilhali mtu ambaye wewe hasa ungemwelewa upesi ni yule aliyekaa kwenye kinanda.

Kundi lenyewe liliitwa The Tony Williams Lifetime, na kiongozi wake, mpiga dramu Tony Williams, alikuwa na umri wa miaka 23 tu, ingawa tayari alikuwa na jina kubwa, maana Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, alimchukua kwenye bendi yake mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka 17. Gitaa linapigwa na John McLaughlin, Mwingereza wa Yorkshire aliyevuka bahari mwanzoni mwa 1969 kwa wito wa Williams, na kabla hajazoea hata mitaa ya jiji akajikuta studio na Miles, tarehe 18 Februari, wakirekodi santuri ya In a Silent Way. Miles alitaka kumchukua moja kwa moja. McLaughlin akachagua kubaki na Williams. Wa tatu ni Larry Young, mzaliwa wa Newark, New Jersey, mwaka 1940, mtoto wa mpiga kinanda, ambaye alijulikana pia kwa jina lake la Kiislamu, Khalid Yasin. Huyo ndiye ninayekuandikia habari zake.

Tazama kwanza kilichokosekana. Ni watu watatu, na katika hao watatu mpiga besi hayupo. Unajua mwenyewe hali inavyokuwa bendi ya dansi inapofika ukumbini bila besi: magitaa yatalia yanavyotaka, lakini wachezaji watabaki wamekaa vitini. Kwenye Emergency! kazi hiyo yote imemwangukia Young, ambaye kwa mkono wa kushoto na kwa miguu juu ya pedali za Hammond, kile kinanda cha umeme, anaweka msingi, kwa mkono wa kulia anajibizana na gitaa, na katikati ya hayo anapata wakati wa kuvuta na kurudisha vile vijiti vinavyobadilisha rangi ya sauti, hivi kwamba noti ileile inaanza nyembamba na kumalizika nene kabla hajainua kidole. Wapiga Hammond wengi wa jazi waliomtangulia waliijaza ala hiyo bluzi na nyimbo za kanisani, jambo jema ambalo wewe na mimi hatuwezi kulidharau. Young aliyajua hayo yote, kisha akayaacha nyuma. Anapanga sauti zilizo mbalimbali, zenye mianya, hata unashindwa kusema upo ufunguo gani, na ndiyo sababu McLaughlin anaweza kukimbilia popote bila kugonga ukuta. Ukimsikiliza mpiga gitaa peke yake utaona ni mtu anayejionyesha tu. Ukimsikiliza huku sikio moja liko kwa Young, utasikia kwamba kila anapogeuka, amefunguliwa njia.

Chukua kipande kiitwacho Vashkar, ambacho hakikutungwa na yeyote kati yao bali na mtunzi wa jazi Carla Bley. Ni kifupi kuliko vingine, dakika tano hivi, na kiini chake ni tuni moja ndogo iliyopinda, ambayo gitaa na kinanda vinaitamka pamoja, kisha inarudiwa, kisha inarudiwa tena. Katika bendi ya kawaida mpiga dramu angeshika mwendo na kuwaacha wenzake waiseme. Hapa inakuwa kinyume: tuni ndiyo inayosimama imara kama mwimbo, na Williams ndiye anayeizunguka kwa maneno yake mwenyewe, mara akipiga rimu, yaani ukingo wa ngoma, kwa mlio mkavu, mara akiangusha ngoma zote kwa mpigo mmoja mrefu unaoanza kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, na kushuka hadi kwenye besi ya miguu, mara akinyamaza kabisa pale ulipokuwa umejiandaa kwa kishindo. Isikilize kwa sauti ya chini mara ya kwanza. Najua wapenzi wa roki watasema nimekufuru, lakini sauti ikiwa chini ule mkwaruzo unapungua, na utaanza kusikia jinsi matoazi yake yanavyosema mambo tofauti na ngoma zake.

Kuhusu uimbaji, hapo nakubaliana nawe asilimia mia. Williams anaimba kwenye vipande vitatu, na sauti yake ni nyembamba, nusu anaimba na nusu anaongea, tena kwa namna ya mtu asiye na hakika kama wenzake wanataka aendelee. Katika Beyond Games navumilia. Katika Via the Spectrum Road natamani angeuacha mdundo ule mzuri ujisemee wenyewe. Ni katika Where pekee ndipo ninapoona sauti hiyo dhaifu inafaa, kwa kuwa kipande kinaanza kwa uwazi mkubwa na mtu anauliza maswali machache tu, kisha ala zinachukua nafasi yake kwa muda mrefu. Mwimbaji hodari angelazimisha majibu.

Umeniuliza kwa nini nisikutumie badala yake rekodi safi ya muziki huohuo, kwa kuwa lazima ipo. Ipo. Mpiga dramu Jack DeJohnette, mpiga gitaa John Scofield na mpiga kinanda Larry Goldings, wakijiita Trio Beyond, waliupiga muziki wa Lifetime jijini London mwaka 2004 kwa heshima ya Williams, aliyefariki 1997, na rekodi yao, Saudades, ilitoka 2006. Kila kitu kinasikika pale, hadi mguso wa kijiti kwenye toazi, na ni wanamuziki ambao siwezi kuwakosoa kwa ufundi. Lakini wale walikuwa wanapiga kitu ambacho tayari kinajulikana. Mwaka 1969 hakuna aliyejua kama dramu za jazi, gitaa lenye nguvu ya roki na kinanda cha Hammond vingeweza kukaa pamoja kwa sauti kubwa namna ile, na nadhani hata mafundi mitambo hawakujua waweke wapi maikrofoni. Sisemi kwamba ubovu ule ni sifa. Kama kanda safi zingekuwapo ningezinunua leo. Nasema tu kwamba siwezi kubadilishana Emergency! na Saudades.

Basi naomba uirudie, ila usianze na kipande cha kwanza. Anza na Vashkar, kisha nenda Spectrum, tuni ambayo McLaughlin alikuwa amekwisha kuirekodi London mapema mwaka uleule kwenye santuri yake ya Extrapolation, na ambayo hapa inakwenda kwa kasi inayomtoa Young jasho. Ukishayazoea hayo mawili, rudi mwanzo. Sangria for Three iache mwisho kabisa, kwa maana inapita dakika kumi na kuna sehemu ambapo hata mimi hupotea. Pamoja na barua hii natuma pia Unity, ambayo Young aliirekodi mwaka 1965 akiwa na Woody Shaw kwenye tarumbeta, Joe Henderson kwenye saksafoni na Elvin Jones kwenye dramu. Huko nako hakuna mpiga besi, sauti ni safi, na utaweza kumfuata bila kuumia masikio.

Halafu nina ombi ambalo wewe tu ndiye unayeweza kunisaidia. Kwenye Spectrum, wakati gitaa linapopiga peke yake juu, siwezi kutenganisha besi ya mkono wa kushoto na ile ya pedali. Mara naona zote ni za mkono, mara naona miguu inaongeza uzito kwenye noti chache tu. Wewe umekaa kwenye benchi la kinanda miaka mingi na miguu yako inaijua kazi hiyo. Sikiliza, kisha uniandikie unavyoona.

Wako rafiki,
Method