Elfu arobaini kuona shimo?

Juzi saa nne usiku nimejilaza zangu, wasap ikalia. Kaka mmoja aliyekuja na mchumba wake mwezi uliopita kwenye ziara yetu ya utamaduni huku Marangu, hata salamu hakuna, anaandika "Dada mmetupiga, elfu arobaini arobaini kuona shimo na kunywa kahawa, alafu masaa mawili tumekalishwa kwenye migomba na mzee anatuhadithia." Nikaandika jibu refu nikafuta, nikaandika fupi nikaona kali nikafuta tena. Na sio yeye wa kwanza, kila Desemba watu wakipanda kuja kula sikukuu napata meseji kama hiyo tatu nne, na zote zina neno shimo. Kwaiyo ngoja nijibu hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kwanza hilo shimo. Mapango ya Wachaga huku Marangu hayakuwepo tu yenyewe kama mapango ya popo, ni watu walichimba kwa mikono, enzi ambazo Wamasai walikuwa wanapanda kuja kuchukua ng'ombe, na sisi kwa sisi pia, maana kila mangi alikuwa na nchi yake na watu wa Marangu na wa Kibosho hawakuwa wanapendana hivyo. Mle ndani kuna sehemu ya mlinzi mlangoni, sehemu ya ng'ombe, jiko, matundu ya hewa. Wazee wanasimulia udongo ulikuwa unabebwa usiku unamwagwa mtoni ili adui asione kichuguu kipya akajua panachimbwa. Sehemu inayoingilika leo ni fupi, kweli, unaingia umeinama unatoka umeinama, mtu mrefu lazima agonge kichwa (kaka yangu wa meseji aligonga mara mbili, nadhani na hiyo imo kwenye malalamiko). Ukiingia bila kujua kitu utaona udongo na giza, dakika kumi umemaliza, umepiga selfi, unauliza "ndo hiki tu?"

Ndo maana sisi hatuanzi na pango. Tunaanza kihambani, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, kwa mzee.

Najua inawachosha watu wa haraka. Lakini ukikaa pale kwenye kigoda ukaona mgomba juu yake mti wa mringaringa, chini yake kahawa, chini ya kahawa magimbi, ng'ombe yuko zizini analetewa majani na mbolea yake inarudi kwenye mgomba, mfongo (mfereji wetu) unapita pembeni na maji ya mlima ambayo ukoo fulani una zamu yake na ukoo mwingine zamu yake, hapo unaanza kuelewa kwanini mtu alikubali kuchimba ardhini kama panya kuliko kuhama. Ni mali. Shimbwe Juu, upande wa Uru kule, kilimo hiki hiki cha kihamba FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, waliingiza kwenye urithi wa dunia wa kilimo mwaka 2011, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kusomea, wewe unaniambia migomba hata kwenu ipo. Na mzee anakuonyesha isale, yale majani marefu yaliyopandwa mpakani na kwenye makaburi, anakwambia mtu akikuletea isale kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Mchumba wa yule kaka aliuliza maswali mpaka mzee akasahau kupumzika. Aliyekuwa anaangalia saa ni mmoja tu.

Sasa hela. Arobaini hiyo ni bei ya mzawa, sio ya mgeni wa nje, na haiingii yote mfukoni kwangu. Kuna viingilio ambavyo sio sisi tunapanga. Kuna mzee na mkewe, kahawa ni yao, kuni ni zao, muda ni wao. Kuna mhunzi. Kuna mama anayepika mtori na machalari, yeye anaanza saa moja asubuhi kumenya ndizi za watu ambao bado wako kwenye basi Himo. Kuna gaidi (ndio, huku mlimani anayeongoza wageni tunamwita gaidi, msishtuke) mwenye leseni. Kuna leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, ya kampuni ambayo hainiulizi kama mwaka huu wageni walikuja. Kinachobaki kwangu kwa kichwa nikikutajia utanichangia.

Njia ya mkato watu wanayoipenda ni kushuka Marangu Mtoni wenyewe na kumchukua dogo wa pale stendi. Siwatukani hao madogo, wengine ni wadogo zangu kabisa, na wapo wawili nimewaajiri baada ya kuwafundisha. Ila wale wa kurukia kila anayeshuka na begi, flaikecha, hesabu yao ikoje? Mwaka juzi dada wawili wa Dodoma waliniuliza bei, wakaona kubwa, wakaenda na dogo. Jioni wakanipigia wao wenyewe, wanataka nije niwachukue maana wamekwama juu, boda amewaacha. Tukapiga hesabu pamoja ndani ya gari: boda mbili za kutwa 30,000, dogo 20,000, viingilio 20,000, "kuonja mbege" 6,000, chakula hotelini 24,000. Laki moja kamili kwa watu wawili. Kwangu ingekuwa 80,000. Na mhunzi hawakumwona, na ile waliyoambiwa ni mbege mmoja wao alisema ilikuwa na ladha ya yogati iliyoharibika, sasa mbege gani hiyo, ndizi zinachemshwa zinakaa siku kadhaa, alafu unakuja uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, sio kitu cha kukorogwa asubuhi kwa sababu wageni wametokea ghafla.

Hasara ya hela inauma ila inapita. Inayoniudhi mimi ni hadithi. Dogo mmoja nimemsikia kwa masikio yangu anawaambia watu kahawa ililetwa na Hans Meyer. Meyer na Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro Oktoba 1889, na mzee wetu Yohani Kinyala Lauwo wa hapa Marangu ndiye anayetajwa kuwaongoza, hiyo ni habari ya mlima. Kahawa ni habari nyingine, ni mapadri wa misheni ya Kilema miaka ya 1890, na baadae wakulima wenyewe wakajiunga wakapigania bei yao mpaka ikazaliwa KNCU, chama chao cha ushirika, mwaka 1933. Ukichanganya hivyo vitu unakuwa umempa Mzungu mmoja kila kitu na bibi yako aliyebeba debe la kahawa kichwani hayupo kabisa.

Na kuna la Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi enzi za Wajerumani, hilo sifanyii utani. Tulipata familia inaishi Ujerumani, baba ni Mchaga, watoto wamezaliwa huko. Walishapelekwa Old Moshi na mtu wa mjini, akawaambia kichwa cha Mangi kimesharudishwa na kimezikwa pale pale kwenye sanamu. Yule baba alilia mbele ya watoto wake kwa kitu ambacho hakijatokea. Wakaja kwetu siku ya pili kwa mambo ya kahawa tu, ikabidi gaidi wetu aseme ukweli, na nakwambia ile nusu saa ilikuwa ngumu. Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake, jumla watu 19, na inaaminika kichwa kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya mafuvu yaliyoko Berlin viliwapata ndugu wa baadhi yao hapa hapa Kilimanjaro, lakini cha Meli mwenyewe hakikupatikana. Wajukuu bado wanasubiri. Hiyo ndo hadithi ilivyo, haina mwisho mzuri wa kumfurahisha mgeni atoe tipu. Gaidi wangu akiongeza chumvi hapo namsimamisha kazi, na nimeshawahi kumsimamisha mmoja.

Mhunzi nae. Watu wanafika kwa mhunzi kule Mamba wanakuta mzee amekaa, moto hakuna, wanasema tumedanganywa. Jamani mhunzi hawashi mkaa kwa ajili ya watu wawili waliopita njia. Tukimpigia jana yake, ukifika unakuta kijana anabonyeza mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kulia kushoto kulia kushoto, kipande cha springi ya gari kimeiva mpaka rangi ya chungwa, mzee anakitoa na koleo anakilaza kwenye fuawe, mapigo kama kumi kinarudi motoni maana kimeshapoa. Zamani chuma kilitoka Upareni, Ugweno kule kwa wayeyushaji wenyewe, na mikuki ya huku ilinunuliwa na Wamasai wale wale tuliokuwa tunawakimbilia mapangoni. Mteja mmoja aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Ila ukitaka kuona hayo lazima mtu apige simu jana, na anayepiga simu analipwa, vocha pia ni hela.

La mwisho ni hawa wa "dada tuunganishie na Chemka humo humo", ile chemchemi ya kuogelea. Nilikubali mara moja, kundi la ofisi fulani, watu kumi na nne, Marangu, Old Moshi, alafu Chemka siku moja. Marangu iko mashariki, Chemka unapita Moshi mjini unaenda magharibi mpaka Boma Ng'ombe ndo unaingia barabara ya vumbi. Pangoni tuliingia mbio mbio, mzee hakumaliza hata kukaanga kahawa, mama wa watu amepika chakula kikafungwa kwenye mifuko. Chemka tumefika jua linazama, waliooga ni watatu, wengine wamekaa kwenye gari wamenuna. Na wote walilipa. Tangu siku hiyo sichanganyi, hata uniongezee hela.

Kaka yangu, kama unasoma, sikurudishii elfu arobaini. Ila ukija tena kipindi cha mavuno ya kahawa, kuanzia Julai hivi, sio Aprili kwenye masika ambapo ngazi za maporomoko ya maji ni utelezi na kahawa bado ya kijani, mzee amesema uje uchume mwenyewe debe moja, alafu ndo mbishane bei. Mlete na mchumba, mzee ameulizia huyo tu.

Kwa wengine: advansi nusu, siku mbili kabla, viatu vyeupe acheni nyumbani. Mbege ya Jumamosi hii imeshawekwa, nafasi zimebaki tatu.