Barua kwa mwanangu: vidonge vimo ndani ya sufuria ndogo

Mwanangu,

Salamu. Najua tumetenganishwa na ukuta mmoja tu na ningeweza kukugongea mlango, lakini nikigonga tutaanza kubishana, na usiku huu sina nguvu hiyo. Keshokutwa unaondoka. Nimeona niandike, wewe usome ukishafika, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Nianze na lile lile. Vidonge vya B12, ile vitamini ambayo chakula chako cha mimea tupu hakina. Mwezi huu nimekuuliza sijui mara ngapi, na jibu lako ni moja: "Nitavitafuta huko huko, Mama." Utafika una mizigo, una masomo, una watu wapya wa kuwazoea, na kidonge ni kitu kidogo, hakimkumbushi mtu kwamba amekisahau. Njaa inajikumbusha yenyewe. Hiki hakijikumbushi.

Chakula chako sikipingi tena. Nimekipinga miezi 14, nimechoka, na zile karatasi ulizokuwa unaniachia mezani nimezisoma, nyingine mara mbili. Ulidhani nazifungia vitu. Nilizifungia, ndiyo, lakini baada ya kuzisoma.

Yule Donald Watson wenu, kwa mfano. Yeye na wenzake wachache walianzisha shirika lao Uingereza mwaka 1944, wakachukua neno "vegetarian", wakabakiza kichwa na mkia, likawa "vegan", mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama. Uliniambia aliishi miaka 95 na ukaniangalia kama mtu aliyefunga mabao matatu. Sawa, aliishi. Ila hukunisomea sehemu nyingine: shirika hilo hilo leo linawaambia watu wake wapate B12 kutoka kwenye vyakula vilivyoongezewa, au wameze kidonge cha angalau maikrogramu 10 kila siku, au cha 2,000 mara moja kwa wiki. Mwaka 1944 B12 yenyewe ilikuwa haijatengwa na mtu, ilitengwa 1948. Wale walikuwa na udhuru wa kutojua. Wewe udhuru wako ni upi?

Na usinirudishie habari ya ule unga wa kijani. Spirulina ina kitu kinachofanana na B12 kwenye vipimo, lakini mwili wa binadamu haukitumii. Unaweza kula kopo zima, ukabaki vile vile, meno tu ndiyo yatakuwa ya kijani.

Habari ya miguu ya shangazi yako unaijua, siirudii. Nakuongezea tu usichokijua, kwa sababu siku ile ya majibu hukuwepo. Shangazi yako nyama anakula, tena si kidogo. Kilichomnyima B12 ni metformini, dawa ya kisukari aliyoimeza miaka mingi; inazuia mwili kuifyonza vizuri. Ile ganzi kila mtu alisema ni sukari. Mimi pia nilisema ni sukari, nikamnunulia soksi. Alikuwa ananilalamikia mimi, unajua, si daktari. Daktari alipopima damu na kuanza kumchoma sindano, ganzi ilipungua. Haikuisha. Mishipa ya fahamu ikikaa bila B12 muda mrefu, kuna sehemu hairudi. Kwa hiyo ukiniona naganda kwenye jambo moja, ujue si ubishi. Mara moja nimeshatoa soksi mahali palipohitaji kipimo.

Jambo la hatari ni kwamba mwaka wa kwanza umejisikia mzima. Wa pili pia, pengine. Ini lina akiba ya B12 inayoweza kumfikisha mtu miaka kadhaa, na wewe umekula mayai na maziwa yangu tangu utotoni, hivyo unaishi kwa akiba niliyokuwekea mimi. Inapungua bila kelele. Tena mboga za majani unazojaza sahani zina foleti nyingi, vitamini nyingine hiyo, na foleti inaweza kuifanya damu ionekane haina tatizo huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika. Usiseme "najisikia vizuri". Pima. Kila mwaka, pima.

Haya, nimemaliza. Kwa sasa.

Nilitaka pia nikwambie jambo ambalo sikulisema pale mezani kwa kuwa baba yako alikuwepo. La nyama halikunisumbua sana. Kila mtu anajua nyama inatoka wapi, na tumeamua kutolitazama. Hata ile idadi yako, wanyama wa nchi kavu zaidi ya bilioni 70 kwa mwaka, wengi wao kuku, ilinipita masikioni. Bilioni si kitu cha kuona. Kilichonishinda ni mayai. Siku zote niliamini yai halimdhuru mtu wala kuku. Limetagwa, limeachwa, umeliokota. Halafu ukanieleza kuhusu vifaranga vya kiume vya mbegu ya kuku wa mayai: havitagi, na havinenepi upesi kama wale wa nyama, basi vinauawa siku ile ile vinapoanguliwa. Nilidhani umezidisha chumvi. Nikatafuta, nikakuta Ujerumani imetunga sheria kuvizuia visiuawe hivyo kuanzia Januari 2022. Mtu hatungi sheria ya kuzuia jambo lisilokuwepo. Nikakaa na trei langu la mayai thelathini nikilitazama.

Na maziwa. Mimi nimenyonyesha watoto watatu, na umri huu wote sikuwahi kujiuliza kwa nini ng'ombe ana maziwa. Kana kwamba ni bomba. Anazaa ndipo anatoa, na aliyezaliwa anaondolewa mapema ili sisi tupate. Nilijua, lakini nilijua kama mtu anavyojua jina la jirani asiyemsalimia. Hapo umenizidi, nakubali, na nilijivunia kwamba mtoto wangu ndiye aliyeliona.

Lakini babu yako kumwambia mezani, mbele ya wageni, kwamba anatafuna maiti? Pale ulikosea na bado hujamwomba radhi. Mzee ana miaka zaidi ya themanini na kipande kile alikatiwa na mimi. Ungenisema mimi. Una hoja nzuri, ila ukizitupa kama mawe watu wanainama zipite. Mpigie ukishasoma hii. Leo, si kesho.

Baba yako naye usidhani hakukusikia. Alipokwambia haya ni mambo ya vijana wa intaneti ukamtolea al-Maarri, mshairi kipofu wa Shamu, yaani Syria, aliyekufa mwaka 1057, aliyeacha nyama, maziwa, mayai, hata asali kwa sababu nyuki hawakuikusanya kwa ajili yetu. Akanyamaza. Akajaribu tena kwenye soya, kwamba ni nyinyi wala soya mnaomaliza msitu wa Amazon. Ukamjibu kwamba kama robo tatu ya soya ya dunia inalishwa mifugo, na kwamba msitu ule unafyekwa kwanza kabisa kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Tulipokwenda kulala akaniambia, "Huyu atakuwa wakili." Aliniambia nisikwambie. Ndiyo hivyo nimeshakwambia.

Ila katika hoja ya ardhi, mimi naona baba yako alikuwa na punje ya ukweli uliyoiruka. Ule utafiti wa 2018 uliokusanya habari za mashamba kama 38,700 katika nchi 119 unasema mifugo inachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kutupa asilimia 18 tu ya kalori. Ni tarakimu za kutisha, na sikatai. Lakini sehemu ya ardhi hiyo ni nyasi na mawe, huwezi kupanda maharagwe. Mtu anayeishi kwa mbuzi mahali pasipoota kitu usimweke kapu moja na tajiri mwenye zizi la maelfu ya ng'ombe wanaolishwa nafaka. La gesi nimelielewa: ng'ombe akicheua anatoa methani, na methani kwa miaka 100 inapasha joto kama mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazotokana na binadamu. Ulisema "nusu". Si nusu. Asilimia 14.5 inatosha kabisa kumtisha mtu, kwa nini uiongezee?

Na la soseji pia. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindika kundi moja na sigara, ni kweli. Ila kundi lile linaeleza uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Sigara na mapafu ni hesabu ya mbali kabisa na hiyo. Mimi soseji nimeacha hata hivyo, kama umeona.

Afya unayoniimbia inategemea unachopakua. Chipsi ni mimea. Soda ni mimea. Kuna watu Uingereza wamefuatiliwa miaka mingi, na matokeo yaliyotoka 2020 yalionyesha wasiokula kabisa vitu vya wanyama walivunjika mifupa kwa asilimia 43 zaidi ya wala nyama, na nyonga ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Sehemu ya sababu ni protini na kalisi, yale madini ya mifupa, sehemu ni wembamba. Wewe ni mwembamba. Maziwa ya soya chagua yaliyoongezwa kalisi, na kopo ulitikise kabla ya kumimina, kalisi inazama chini. Dengu, maharagwe, njegere, karanga, kila siku kimoja wapo, si siku ukikumbuka. Kamulia ndimu kwenye mboga, madini ya chuma yanaingia vizuri zaidi. Chai usinywe na chakula, subiri saa moja, inayazuia. Chumvi iwe yenye madini ya joto. Na kidonge.

Maharagwe mekundu usiyatie kwenye lile jungu la umeme la moto mdogo ulilopewa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemke kwelikweli dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Yana sumu ambayo moto mdogo hauiui, na machache tu yaliyoiva nusu yanatosha kukulaza siku nzima ukitapika.

Kuhusu dengu. Ukizipika huko ukaona hazitoki kama zile za miezi ile ya mwanzo, zile ulizofuta sufuria na mkate ukaniuliza nimetia nini, usihangaike kutafuta kiungo. Hakuna kiungo. Ulikuwa umepungua, mashavu yameingia ndani, na mimi nilikuwa na mifupa kwenye friji. Niliacha siku uliyosema hata harufu ya nyama huiwezi tena, na huku unajipakulia sahani ya pili. Dengu za baada ya hapo ni dengu kweli. Kaanga uyoga mpaka ukauke na uanze kushika rangi pembeni, ndipo utie maji. Unakaribia ile ladha. Nimejaribu mara nne.

Mdogo wako sasa naye anasukuma yai pembeni. Hakusoma chochote, anakuiga wewe. Yeye bado anakua, na kwa mtoto anayekua upungufu haungoji miaka, kwa hiyo nimeomba miadi kwa mtaalamu wa lishe wiki ijayo. Akisema inawezekana kwa mpango mzuri, tutapanga. Akisema bado, atakula yai na wewe utanisaidia kumwambia, maana mimi hanisikilizi. Pia anataka chumba chako. Nimemwambia angoje mwezi mmoja. Amehamisha mto tayari.

Bomba la jikoni limeanza tena kudondosha. Baba yako anasema amelitengeneza. Rafu yako ya friji ile uliyobandika karatasi ya jina nimeiacha ilivyo. Baba yako anachukua maziwa ya soya humo usiku na kurudisha kopo likiwa na tone moja, halafu ananiuliza nani amemaliza. Blanketi zito limo chini kabisa ya begi, uzito nimeshapima.

Sufuria kubwa imebaki, ndogo nimekufungia. Vidonge vimo ndani yake, nimevizungushia soksi visigongane. Kopo la kwanza nililonunua nilifika nalo nyumbani ndipo nikasoma ubavuni: ganda lake ni jelatini, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa. Nikarudi nalo famasi. Yule kijana aliniuliza kama mgonjwa ana mzio, nikasema hapana, ana msimamo. Hivi ni vya kutafuna, havina ganda. Viko 180. Kimoja kila asubuhi, kabla hujashika simu.

Nitapiga Jumapili. Nitakuuliza vimebaki vingapi, na hesabu nitakuwa nayo mbele yangu.

Funguo ya mlango wa nyuma bado unayo wewe. Kaa nayo.

Mama yako