Harambee ya Chumba cha Kurekodia: Kwaya ya Vijana, Kaloleni

Wazazi wetu, majirani na marafiki wa kwaya,

Karibuni kwenye harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, katika ukumbi tunaofanyia mazoezi hapa Kaloleni. Tunatafuta shilingi 340,000 za kugeuza stoo ya ukumbi kuwa chumba cha kurekodia. Wanakwaya wenyewe tumeshachanga 92,000, nyingi zikiwa za kuosha magari na kuimba kwenye harusi za watu.

Wengi mmetuuliza kwaya inayojaza ukumbi inataka nini na chumba kisichozidi jiko la nyumba ya kupanga. Tunataka kusikika redioni.

Mwaka jana tulirekodi wimbo wetu wa kushukuru mvua tukiwa ukumbini, madirisha yamefungwa, watoto wamefukuzwa uani. Ubeti wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukaingiwa na honi ya matatu ya Jogoo Road, hilo tungelivumilia. Kwenye ubeti wa tatu, pale alto, wasichana wa sauti ya chini, wanapobaki peke yao chini kabisa, akapita yule muuzaji na kipaza sauti chake: dawa ya panya, mende, kunguni. Ukisikiliza kwa makini utadhani ni kiitikio. Tuliupeleka hivyo hivyo kwenye kituo kimoja cha redio, na mtayarishaji akatuambia kwa upole kwamba tunaimba vizuri lakini hawezi kuupiga. Alikuwa na haki. Siku za mechi pale uwanja wa Joe Kadenge, ambao wengi wetu bado tunauita City Stadium, hata kujaribu hatujaribu.

Jukwaani tuna sare, tuna kayamba, tuna tabasamu, na msikilizaji akituona anatusamehe mengi. Redioni hakuna wa kukusamehe. Tena huko duniani kuna mashindano yaliyojengwa juu ya jambo hilo hilo. Umoja wa Utangazaji wa Asia na Pasifiki, ABU, ulifanya tamasha lake la kwanza la nyimbo za redio mjini Seoul mwaka 2012, likafuata la Colombo mwaka 2014 na la Yangon mwaka 2015. Kule msanii hajipeleki: kituo cha redio ndicho kinachoingiza wimbo, na nchi inashiriki kupitia kituo chake. Kwa upande wa kwaya, BBC ilianzisha “Let the Peoples Sing” mwaka 1957, ambayo baadaye ilikuja chini ya umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU. Huko pia kwaya hupelekwa na vituo vya redio, na kinachotangulia mbele ya majaji ni rekodi.

Tusidanganyane. Tamasha la ABU ni la Asia na Pasifiki, na sisi hatuna kiti pale. Eurovision nayo, mashindano ya nyimbo ya watangazaji hao wa Ulaya, iliona nchi ya Afrika mara moja tu, Moroko, mwaka 1980 mjini The Hague: Samira Bensaïd akapata pointi 7, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19, na Moroko haikurudi tena. Kwa hiyo asije mtu akatoa mchango akitarajia kutuona uwanja wa ndege mwezi ujao. Tunachoahidi ni wimbo safi mikononi mwa KBC pale Harry Thuku Road, na kwenye vituo vingine vya hapa Nairobi, ili siku kituo chochote kikitafuta kwaya ya kuipeleka nje kwa jina la Kenya, wetu usitupwe kwa sababu ya kunguni.

Anayeona redio ni mambo ya wazee, tunamkumbusha hao hao Eurovision. Usiku wao wa kwanza, Lugano mwaka 1956, zilishindana nchi 7 na watu wengi walisikiliza redioni kwa sababu televisheni zilikuwa chache. Picha za usiku ule karibu zote zimepotea. Sauti sehemu kubwa ipo mpaka leo.

Pesa zitakwenda hivi. Kubwa kuliko yote ni kazi ya seremala: ukuta wa pili wa mbao, pamba ya kuzuia sauti katikati, dari chini ya mabati (mvua ikinyesha yale mabati ni ngoma), na mlango mzito wenye mpira pembeni. Hiyo peke yake ni 210,000. Zinazobaki ni za maikrofoni mbili nzuri, stendi, nyaya na fundi wa kutufundisha kuzitumia. Kompyuta tumepewa na mzazi mmoja, Mungu ambariki. Mhazini atabandika risiti zote mlangoni, kila mtu azisome.

Kadi za mchango ziko kwa viongozi wa kila sauti, na namba ya M-Pesa ya kikundi imeandikwa nyuma ya kadi. Ahadi tunapokea, ila tutazifuatilia, mnatujua. Siku hiyo chai na mandazi vitakuwepo, na tutawachezea ile rekodi ya muuza dawa mwanzo mpaka mwisho.

Na mwenye godoro la sponji lililochakaa asilitupe, litatufaa ukutani kupunguza mwangwi. Tutalifuata wenyewe na mkokoteni, hata likiwa na madoa.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya harambee