Breki za upepo: ukaguzi unaowaangusha hata madereva wazoefu

Wapo madereva wanaotujia darasani na miaka kumi ya Dar–Tunduma au Mombasa–Malaba mgongoni. Kushika usukani hatuwafundishi. Pengine wao ndio wangetufundisha. Lakini leseni ya magari ya biashara ya Marekani, CDL, huwaangusha lori likiwa bado limeegeshwa, kwenye ukaguzi wa breki za upepo.

Wengi wamekariri namba tu, nazo huchanganyika mtahini akisimama pembeni. Kwa hiyo darasa letu linaanza na swali: upepo ukiisha wote, lori linateleza au linaganda?

Linaganda. Ukikanyaga pedali, upepo ndio unaosukuma breki zishike. Breki ya maegesho ni kinyume: ndani ya chemba kuna springi nzito inayotaka kushika muda wote, na upepo unaizuia. Upepo ukipungua, springi inashinda. Ndiyo maana lori lililovujisha upepo usiku kucha haling'oki asubuhi mpaka mitungi ijae. Ukilielewa hili, namba zinajipanga zenyewe.

Weka vigingi kwenye magurudumu, washa injini, jaza upepo mpaka kompresa iache kusukuma, kwa kawaida kati ya psi 120 na 140 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). (Aliyezoea bar: psi 100 ni karibu bar 7.) Zima injini, achia breki za maegesho za kichwa na tela, kisha kanyaga pedali kwa nguvu. Sindano ya geji ya upepo ikitulia, shikilia dakika moja nzima. Kwa lori lenye tela, upepo usipungue zaidi ya psi 4. Gari lisilo na tela, 3. Dakika hiyo ni ndefu kuliko unavyodhani, na wengi huachia mguu mapema.

Halafu rudisha swichi ya funguo bila kuwasha injini. Hapa ndipo wazoefu wanapojikwaa: wanasahau swichi, kengele hailii, wanadhani gari ni bovu. Kanyaga na kuachia pedali mara nyingi. Taa au kengele ya upepo mdogo lazima ianze kabla ya kushuka chini ya psi 55. Endelea kukanyaga, kati ya 45 na 20, vitufe vya breki ya maegesho (cha njano) na upepo wa tela (chekundu) vitaruka vyenyewe. Hiyo ni springi imeshinda.

Ukiruka hatua moja, ukaguzi wote umefeli, hata kama taa na matairi umevitaja vyote.

Tena mtihani wa vitendo ni kwa Kiingereza, na mkalimani haruhusiwi. Lazima useme kwa sauti unachofanya na namba unayotarajia. Ndiyo sababu Jumamosi asubuhi tunaeleza kwa Kiswahili mpaka mtu aelewe, na mchana tunashinda uwanjani tukisema maneno yaleyale kwa Kiingereza, kila mmoja zamu yake, mpaka ulimi uzoee.

Wengine hutuuliza kama wanaweza kufanyia mtihani kwenye gari lisilo na breki za upepo, yaishe. Inawezekana, ila leseni itawekewa alama ya L, na kwa alama hiyo huruhusiwi kuendesha gari la biashara lenye breki za upepo. Malori makubwa ya masafa marefu karibu yote yanazo. Sisi hatumshauri mtu njia hiyo.