Tuzo ya Nobel ya 2016 ilikuwa ya hamira, si ya saumu

Mhariri,

Ramadhani ikikaribia, simu za watu hapa Mombasa hujaa ujumbe uleule: eti mwanasayansi wa Japani alipewa Nobel kwa kuthibitisha kwamba kufunga kunaponya saratani na kisukari. Nafundisha biolojia, na ujumbe huu unaniuma kwa sababu kazi yenyewe ni nzuri mno kupotoshwa hivi.

Yoshinori Ohsumi alitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 2016 kwa utafiti alioufanya kwenye hamira, kuvu yuleyule wa seli moja tunayemtia kwenye unga wa mahamri. Alichukua hamira isiyo na vimeng'enya fulani ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa seli unaosaga taka zake, akainyima chakula, kisha akatazama kwa darubini. Baada ya saa chache vakuoli zilijaa vifuko vidogo vilivyobeba sehemu za seli. Seli yenye njaa ilikuwa inajila yenyewe.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba hamira haili ovyo. Ilee kwenye laktati, chakula isichoweza kukichachusha, nayo itajaza mitokondria, yaani vinu vya nguvu vya seli, maana bila hizo haipati nguvu. Halafu ihamishie kwenye glukosi, sukari inayoweza kuichachusha, na uinyime naitrojeni: ghafla mitokondria zimezidi mahitaji. Hapo ndipo inapofanya kazi protini iitwayo Atg32, iliyogunduliwa mwaka 2009 na makundi mawili, moja la Marekani na jingine la Japani, ambamo Ohsumi mwenyewe alikuwamo. Atg32 hukaa kwenye utando wa nje wa mitokondria. Njaa ikibana huongezeka, hutiwa fosfeti, kisha hushikana na protini wenzake Atg11 na Atg8. Utando mpya hujengeka kuizunguka mitokondria hadi ukaifunika pande zote, ikapelekwa kwenye vakuoli na kusagwa, na malighafi yake ikatumika upya. Ondoa jeni ya Atg32 uone: seli itaendelea kula sehemu zake nyingine, lakini mitokondria karibu haizigusi tena.

Sisi binadamu tunazo njia zetu za kuondoa mitokondria mbovu. Mojawapo hutumia protini za PINK1 na Parkin, na hitilafu katika jeni zake husababisha aina ya ugonjwa wa Parkinson unaowapata watu mapema. Kwa hiyo hamira ilitufungulia mlango mkubwa. Lakini kutoka hapo hadi kudai kwamba saa 13 za kufunga zinafuta uvimbe wa saratani ni mbali sana, na Kamati ya Nobel haikusema hivyo.

Mimi nafunga, tena kwa furaha. Saumu ni nguzo ya dini. Haikungoja tuzo ya mtu yeyote ndipo iwe na thamani. Kuibandika ahadi za tiba ambazo sayansi haikuzitoa ni kuidhulumu dini na kuidhulumu sayansi pia.

Ombi langu ni kwa wanaosambaza ujumbe huo, na hasa wanaouza vidonge vya "kusafisha seli" kwa jina la Ohsumi: acheni. Na mwenye kisukari anayenuia kufunga amwone daktari kabla mwezi haujaandama, wapange pamoja dawa, kipimo chake na saa za kuitumia. Asiache sindano ya insulini kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Mwalimu wa Biolojia,
Kisauni, Mombasa