Wanaokwenda India waambiwe kuhusu Trichy

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kila mwaka watu wetu wengi wanaenda India kutibiwa, na kila mgonjwa ana msindikizaji, na wasindikizaji karibu wote wakirudi hadithi ni ile ile, hospitali, chumba cha kupanga, duka la vitambaa, basi. Na gazeti lenu likigusa India ya kutembea ni Taj Mahal tu, ambayo iko Agra huko kaskazini, mbali mno na Chennai wanakopelekwa wengi wetu. Mimi nilimpeleka mama Chennai mwanzoni mwa Agosti, tukaambiwa tusubiri majibu siku tano, dada akabaki naye, nikapanda treni ya usiku mpaka Tiruchirappalli, wenyewe wanafupisha wanasema Trichy, ni kama kilomita 320 hivi. Toka nimerudi sijaacha kuuzungumzia huo mji.

Mji uko kwenye mto Kaveri, na wenyeji mto wanauita mama. Nilifika siku ya 18 ya mwezi wao wa Aadi, siku ya kuushukuru mto maji yanapojaa. Pale ngazi za Amma Mandapam yani ni wanawake kwa wanawake, wamebeba maua, matunda, taa ndogo, wanafungana uzi uliopakwa manjano shingoni, walioolewa karibuni wanabadilisha uzi wa ndoa, alafu familia zinakaa chini zinakula wali wa ukwaju, wali wa ndimu, wali wa nazi. Bibi mmoja ambaye hatukuelewana hata neno moja alinisogezea jani la mgomba lenye wali, nikakaa nikala nao.

Hapo ndo kwenye kisiwa cha Srirangam, kati ya Kaveri na tawi lake la Kollidam. Hekalu la Ranganathaswamy, yani mungu Vishnu aliyelala juu ya nyoka, siyo jengo moja, ni mji mzima ndani ya kuta saba, ukuta ndani ya ukuta, na kuta za nje zina nyumba za watu, maduka, watoto wanaenda shule. Minara ya malango ni 21, mkubwa una mita zaidi ya 70, ulikaa karne nyingi kisiki tu bila kumalizwa mpaka 1987. Mimi ni Muislamu, kwahiyo chumba cha ndani kabisa sikuingia, asiye Mhindu haruhusiwi, na sikuona ubaya wowote, ni nyumba yao ya ibada. Ila mwenyeji wangu alinihadithia kitu kikanigusa sana, kwamba humo ndani kuna mahali pa Thulukka Nachiyar, binti wa sultani wa Delhi, Muislamu, ambaye kwa masimulizi yao aliipenda sanamu ya Ranganatha iliyotekwa, ikarudishwa akaifuata mpaka Srirangam akafia hapo. Yeye hakuchongewa sanamu, amechorwa tu ukutani, na chakula kinachotolewa kwa ajili yake ni chapati za ngano, vyakula vya kwao kaskazini. Nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa hapa ndo ninapotaka wasomaji waelewe. Siku ya kwanza nililipa wakala mmoja wa safari anizungushe mji mzima kwa siku moja, tukakimbizana, tukafika hekalu la Jambukeswarar, yani mungu Shiva, huko Thiruvanaikaval saa saba na nusu mchana tukakuta limefungwa. Mahekalu mengi ya jimbo hilo la Tamil Nadu yanafungwa mchana mpaka jioni, na wakala alijua! Kesho yake nikapanda mwenyewe basi namba 1, linapita Rockfort, linapita Thiruvanaikaval, linamaliza Srirangam, na nikawahi kabla ya saa sita. Lingamu ya pale, ile alama ya Shiva wanayoiabudu, ni ya maji, chemchemi inatoka chini ya Shiva mwenyewe, mto ukijaa na chumba kinalowa. Na saa sita mchana kuhani anavaa sari kama mwanamke, anaongoza ibada kwa niaba ya mungu mke Akilandeswari, ngoma zinapigwa, tembo yupo mbele. Nilisimama nje kwenye ua nikamuona akipita, watu wote wameinamisha vichwa, na kuna mtalii alikuwa anamsogezea simu usoni, jamani hapana. Pale ni ibada, watu wanalia kwa imani yao.

Rockfort ni jiwe moja la mita 83 katikati ya mji, unapanda ngazi mpaka hekalu la mungu Ganesha juu kabisa, viatu unaacha chini na jiwe jua likiwaka linaunguza kweli kweli, kwahiyo panda alfajiri, utaona mto na minara yote ya Srirangam kwa pamoja. Kwenye mji huo huo kuna kanisa la Mama wa Lourdes, na kuna dargah, yani kaburi la kuzuru, la Nathar Vali, walii anayesemekana alifika kama miaka elfu moja iliyopita. Nilisoma Fatiha pale, pembeni yangu kulikuwa na mama wa Kihindu amemleta mtoto wake mgonjwa aombewe, nikamkumbuka mama yangu kule hospitali nikashindwa kujizuia.

Kitu kimoja sikufika ni Kallanai, banio la mawe lililojengwa na mfalme Karikala wa ukoo wa kifalme wa Wachola karibu miaka 2000 iliyopita, lina urefu wa mita 329, linagawa maji ya Kaveri kwenda mashamba ya mpunga ya Thanjavur na mpaka leo linafanya kazi. Ni kama kilomita 20 tu toka mjini na niliikosa kwasababu ya ile siku ya kukimbizana.

Mhariri, tafadhali wekeni japo ukurasa mmoja, saa za kufungua, nguo za heshima, wapi usipige picha, mabasi. Mama anaendelea vizuri alhamdulillah, tunarudi Chennai kwa chekapu na yeye mwenyewe ameomba tupite Trichy, nimemuahidi tutaanza na Kallanai.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga