Ukumbi wa Victoria unataka chokaa, si saruji

Ndugu Mhariri,

Tokea upande mmoja wa Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, uporomoke tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, kila linapozungumzwa jengo la serikali ya zamani hapa Unguja, hutajwa hilo tu. Ni haki yake. Lakini Vuga, ndani ya Bustani ya Victoria mkabala na Ikulu, upo ukumbi lilimokaa Baraza la Kutunga Sheria tokea lilipoundwa 1926 hadi 1964. Ofisi za serikali zilikuwa Beit el Ajaib kuanzia 1911. Sheria zikijadiliwa Vuga. Wajumbe sita wa mwanzo waliochaguliwa kwa kura, Julai 1957, waliingia katika baraza hilo.

Ukumbi huo umesimama juu ya mahamamu, yaani mabafu, ya wanawake wa Sultani Seyyid Barghash. Kwa hivyo atakayeutengeneza aushughulikie unyevu wa chini kabla ya rangi.

Kuta za kale za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Hunyonya maji ardhini na kuyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukizipiga saruji, maji hukosa pa kutokea, yakapanda na chumvi yake mpaka kwenye vichwa vya boriti. Boriti ya mkoko huoza pale ilipoingia ukutani, pahala pasipoonekana. Nje ukuta unang'aa. Ndani chokaa imeshakuwa unga. Kibaya zaidi, saruji ikija kubanduka huondoka na uso wa jiwe.

Kazi yenyewe haina siri. Tengeneza kwanza paa na mifereji ya mvua. Saruji ya zamani itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine. Chokaa izimwe mapema, yaani ile iliyochomwa itiwe maji, na ilale shimoni ndani ya maji wiki kadhaa, kwani chembe isiyozimika hulipuka baadaye ndani ya lipu na kuacha vishimo. Changanya ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga uliochekechwa; mchanga wa pwani usiguswe, una chumvi. Rowesha ukuta, kisha piga tabaka lisilozidi sentimita moja na nusu. Linyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku kadhaa na ulikinge na jua kwa magunia mabichi, ndipo upige la pili. Likikaushwa haraka hupasuka, na hapo ndipo wakandarasi wengi hushindwa subira wakarudi kwenye saruji. Mwisho paka chokaa. Rangi ya plastiki huziba ukuta sawa na saruji.

Tunaomba zabuni yoyote ya jengo hili iitaje chokaa kwa jina, na muda wa kuikausha uhesabiwe ndani ya mkataba. Fundi naye ajaribiwe kwanza kwenye kipande cha mita moja ya mraba, upande unaopigwa na mvua, na kipande hicho kipite masika kabla hajakabidhiwa ukuta mwengine.

Mafundi wa chokaa,
Mkunazini, Unguja